Kuondoa minyoo bapa wekundu kwenye tangi la matumbawe nyumbani

Kama leo umeona vidoa vya rangi ya kutu vinatambaa juu ya mchanga au kwenye kioo cha tangi lako la matumbawe, usitie dawa leo. Usitie hata kama chupa unayo mkononi. Dawa ya minyoo bapa inafanya kazi, tena kwa haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mnyoo huyu ana sumu mwilini, akifa huiachia majini. Wakifa kumi, maji yanaimeza. Wakifa elfu ndani ya saa moja, samaki wako watakufa nao. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuwapunguza kwanza wakiwa hai, kisha dawa iwamalize wachache waliobaki.

Hili nililijua kwa hasara. Mimi nimekulia Tanga, ambako matumbawe tulikuwa tukiyaona kwa miguu maji yakipwa siku za bamvua. Nilipohamia Muscat nikaweka sebuleni tangi la lita zisizofika 300 ili nibaki na kipande cha bahari ninayoijua. Mwaka wa pili rafiki yangu alinigawia kipande cha tumbawe laini, nikakitia moja kwa moja. Baada ya miezi michache upande wa kushoto wa mchanga ukawa mwekundu. Nilinunua dawa, nikaitia siku ileile saa kumi jioni. Kufika magharibi maji yalikuwa na wekundu hafifu, na samaki wanne kati ya saba walikuwa wamelala ubavu wakihema. Sikuwa na maji safi yaliyoandaliwa wala mkaa wa kuchujia. Hao wanne sikuwaokoa, na mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu dawa haikuwa na kosa, haraka yangu ndiyo iliyowaua.

Kwanza mjue ni nani

Si kila kinachotambaa ni adui. Usiku ukimulika kioo kwa tochi utaona vijidudu vidogo vyeupe vinavyokwenda kwa kurukaruka. Hao ni kopepodi, chakula cha samaki, waache. Utaona pia minyoo bapa wadogo weupe au wasio na rangi kabisa. Mara nyingi huongezeka ukilisha sana na kupungua ukipunguza chakula. Wa kushughulika nao ni wa aina tatu, na tiba ya mmoja si tiba ya mwenzake.

Wa kwanza ndiye mhusika mkuu wa mwongozo huu: mnyoo mwekundu, ambaye kwa jina la kitaalamu anaitwa Convolutriloba retrogemma. Ana urefu wa milimita chache tu, mwili mwembamba kama kipande cha jani, rangi ya kutu au kahawia inayoelekea wekundu, na mkia wenye ncha tatu. Ncha hizo tatu ndizo alama yake. Chukua kioo cha kukuzia uzitafute. Ndani ya mwili wake anafuga mwani unaotengeneza chakula kwa mwanga, ndiyo maana mchana utamkuta amejianika mahali penye taa kali na mkondo mdogo wa maji. Hali matumbawe. Madhara yake ni kuyafunika mpaka yakakosa mwanga, kuwala kopepodi, na ile sumu.

Huyu huzaliana kwa kuchipua. Chipukizi hutoka upande wa mkia, hukatika, na hapo tayari ni mnyoo kamili. Hendelberg na Åkesson walipomwandika rasmi mwaka 1988, kilichowashangaza ni kwamba chipukizi lake limegeuka: kichwa cha mtoto kinatazama kinyume na cha mzazi. Kwako wewe mwenye tangi, maana yake ni kwamba hahitaji mwenzi. Mmoja aliyeingia mwezi wa Rajabu anaweza kukujazia mchanga kabla Ramadhani haijaisha.

Wa pili ni Waminoa. Huyu ni wa kahawia, duara au yai lenye mkato kidogo nyuma, na hukaa juu ya tumbawe lenyewe, hasa matumbawe laini, yale ya mfano wa uyoga, na Euphyllia yenye mikono mirefu. Akiwa mmoja mmoja tumbawe linamvumilia. Akijaa kama magamba ya samaki, tumbawe halifunguki tena.

Wa tatu ni hatari kuliko wote ingawa ni vigumu kumwona: mnyoo anayekula Akropora, yale matumbawe magumu yenye matawi. Nitamweka mwisho, kwa sababu vita vyake havipiganwi ndani ya tangi kuu.

Pima maji yako kwa kweli

Kipimo cha dawa hutegemea maji yaliyomo, si ukubwa ulioandikwa kwenye boksi la tangi. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo cha maji, vyote kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Hizo ni lita. Tangi la sentimita 120 kwa 50 lenye maji ya kimo cha 45 ni lita 270. Mawe na mchanga vimechukua nafasi. Mimi hupunguza asilimia 15, zinabaki kama lita 230. Kama una tangi la chini lenye pampu na skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu), ongeza maji yake. Andika tarakimu hiyo kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Utaihitaji tena na tena, na siku ya dawa akili huwa na mambo mengi.

Wiki mbili za kunyonya

Hii ndiyo sehemu wengi wanairuka, na ndiyo iliyonipa ushindi mara ya pili.

Tafuta mpira mwembamba, ule wa pampu ya hewa wenye tundu la milimita nne au tano unatosha. Mpira mnene unamaliza maji kabla hujafika mbali. Funga ncha yake kwenye kijiti kigumu cha plastiki kwa mpira wa kufungia, ili uweze kuielekeza kwa mkono mmoja bila kuzamisha kiwiko kizima. Ncha nyingine ielekee kwenye ndoo sakafuni. Vuta maji yaanze kushuka, kisha pita juu ya minyoo kama unavyopitisha ufagio taratibu.

Chagua saa. Mnyoo huyu anafuata mwanga, kwa hiyo adhuhuri ya taa zako, saa nne au tano baada ya kuwaka, ndipo wengi wako nje. Usiku wamejificha. Kuna mbinu ninayoipenda zaidi: zima taa zote, funika tangi kwa shuka, acha kona moja tu ikiwa na taa ndogo, na zima pampu za mkondo za upande huo. Baada ya saa moja fungua. Watakuwa wamekusanyika pale penye mwanga, nawe utawanyonya kwa dakika tano badala ya arobaini.

Usiwakwangue wala usiwaponde. Mnyoo aliyepondwa ameachia sumu yake majini, na kipande kilichobaki kinaweza kuendelea kuishi. Walioko juu ya jiwe wapulizie kwanza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile kubwa la mililita 60, ili waachie, kisha uwanyonye wakiwa wanaelea. Mwenzako akishika bomba nawe ukashika mpira, kazi inakwenda mara mbili. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa mshika bomba wangu, na macho yake yaliwaona wengi kuliko yangu.

Maji ya ndoo usiyarudishe, hata ukiyachuja kwa soksi. Minyoo waliokamatwa kwenye soksi hufia humo na sumu inarudi tangini kidogo kidogo. Yahesabu maji hayo kuwa ndiyo maji yako ya kubadilisha, na uwe umeandaa mapya: chumvi ya akwaria kama gramu 35 hadi 38 kwa lita kutegemea aina ya chumvi, mpaka kipimo kisome sehemu 35 kwa elfu, joto sawa na la tangi, yakizungushwa na pampu tangu jana yake. Lita kumi kila siku, au ishirini siku moja na kupumzika moja, haziwaathiri matumbawe.

Wakati huohuo badilisha mazingira wanayoyapenda. Elekeza pampu ya mkondo kwenye pembe zilizotulia. Punguza chakula cha samaki kiwe kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Safisha uchafu uliolala nyuma ya mawe. Hayo peke yake hayawamalizi, lakini yanapunguza kasi ya kuchipua ili mpira wako uwazidi.

Siku ya kwanza nilitoa minyoo waliojaa kijiko kizima cha chai. Siku ya kumi nilikuwa nahesabu mmoja mmoja. Wengine wakifika hapo huridhika na kuendelea kunyonya bila dawa, na katika tangi dogo lenye mawe machache nimeona ikitosha. Mwenye tangi kubwa lenye mapango, kama langu, atahitaji dawa. Kipimo changu cha kuwa tayari ni hiki: siku tatu mfululizo nimetafuta kwa makini saa ya mwanga mkali na sikupata zaidi ya ishirini. Kumbuka kwamba kwa kila mmoja unayemwona wapo wengine ndani ya mawe, kwa hiyo usijidanganye na ishirini ukadhani ndiyo idadi yote.

Jaribu kwenye ndoo kwanza

Dawa inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Flatworm eXit ya kampuni ya Salifert, inayotiwa kwa matone kulingana na lita. Zipo nyingine. Yoyote utakayopata, soma karatasi yake yote, kisha ijaribu nje ya tangi. Chota lita kumi za maji ya tangi, tia minyoo kadhaa uliowanyonya na kijiwe kidogo, weka jiwe la hewa, tia dawa kwa kipimo cha lita kumi na uangalie saa. Dawa isiyoharibika itawafanya wajikunje, waachie waliposhika, na kufa. Kama baada ya saa moja bado wanatambaa raha mustarehe, ama dawa imekaa sana juani dukani ama minyoo wako ni wagumu, na ni afadhali ulijue hilo kwenye ndoo. Usifidie kwa kubahatisha. Angalia karatasi inaruhusu kuongeza kiasi gani.

Jaribio hili lina faida ya pili. Utaona kwa macho yako jinsi minyoo wachache wanavyoweza kubadili maji ya ndoo, na hutahitaji mtu wa kukuhimiza kuendelea kunyonya.

Siku ya dawa

Chagua siku usiyokwenda kazini na uanze asubuhi, ili mchana kutwa uwe karibu. Kama mnakatiwa umeme kwa zamu, hakikisha si siku yenu. Kabla ya kufungua chupa viwepo hivi mbele yako: maji mapya ya chumvi yanayofikia angalau nusu ya maji ya tangi, yakiwa na joto lilelile, mkaa amilifu mpya uliosuuzwa vumbi lote (mimi huweka nusu kilo kwa lita 300, nikaugawa mifuko miwili), pampu ya hewa na jiwe lake, ndoo mbili kubwa safi, wavu mwembamba, na mpira wako wa kunyonyea. Ndoo moja ijaze maji mapya na uitie hewa. Hiyo ndiyo hospitali.

Toa mkaa wowote wa zamani uliomo, maana utaimeza dawa kabla haijafanya kazi. Zima taa ya UV na ozoni kama unavyo. Kuhusu skima, fuata karatasi ya dawa yako, lakini hewa isikosekane: jiwe la hewa liendelee kutoa mapovu mwanzo mpaka mwisho. Minyoo wanyonye kwa mara ya mwisho. Kisha tia dawa, si kwa kumwaga mahali pamoja, bali ichanganye kwanza kwenye jagi la maji ya tangi na uimimine polepole penye mkondo mkali ili isambae.

Sasa usiondoke. Ndani ya dakika chache walioko kwenye kioo wataanza kujikunja na kuachia. Watatoka mpaka mahali ambapo hukujua kuwa wapo, na hapo ndipo moyo unapopiga. Wanyonye na kuwachota kwa wavu kadiri wanavyotoka. Kila mmoja anayetolewa kabla hajaoza ni sumu iliyopungua. Mtu wa pili awaangalie samaki tu. Wakihema haraka, wakikaa juu ya maji au kulala chini, muda wa kusubiri umekwisha hata kama karatasi inasema zimebaki dakika ishirini: weka mkaa papo hapo, anza kutoa maji na kutia mapya, na samaki aliyezidiwa mhamishie kwenye ndoo ya hospitali.

Mambo yakienda salama, muda ulioandikwa ukitimia weka mfuko wa kwanza wa mkaa mahali maji yanapopita kwa nguvu, kisha badilisha robo mpaka theluthi ya maji. Kesho yake weka mfuko wa pili na upime amonia, sumu inayotokana na vitu vinavyooza majini. Ikionekana yoyote, badilisha maji tena. Konokono na kaa wengi hupita salama, ila minyoo wa manyoya na minyoo wengine wa mchangani wanaweza kudhurika, nao wakifia ndani ya mawe wataongeza amonia siku ya pili na ya tatu. Pima siku zote tatu.

Rudia baada ya wiki moja au mbili, hata kama huoni hata mmoja. Wapo waliokuwa ndani kabisa ya jiwe ambako dawa haikufika vizuri, na mmoja anatosha kuanza upya. Mara ya pili minyoo ni wachache na hatari ni ndogo, lakini maandalizi yawe yaleyale. Mimi nilirudia mara mbili.

Samaki na viumbe wanaowala

Wengi huanza hapa kwa sababu inapendeza kumwachia samaki kazi. Yupo samaki mdogo wa buluu inayoelekea zambarau mwenye mistari sita ya rangi ya chungwa, Pseudocheilinus hexataenia, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya katikati ya Pasifiki. Baadhi yao huwala minyoo hawa kwa bidii; baadhi hawawagusi kabisa. Akikua huwa mkali kwa wageni wadogo, kwa hiyo mtie mwishoni, na mnunue kwa sababu unampenda, si kwa sababu ya minyoo. Jamaa zake wa Halichoeres, kwa mfano melanurus, ni watulivu zaidi na wanahitaji mchanga wa kujizika usiku.

Samaki wa mandarini amesifiwa sana kwa kazi hii. Naomba usimtie kwenye tangi dogo kwa ajili hiyo. Anaishi kwa kopepodi mchana kutwa, na tangi lililojaa minyoo wekundu ndilo lenye kopepodi wachache. Utamwona akikonda mbele ya macho yako.

Yupo pia koa wa bahari mweusi mwenye mistari ya buluu, Chelidonura varians. Huyu kweli hula minyoo wa kundi hili na karibu hali kingine. Akiwamaliza anakufa njaa, isipokuwa umempelekea mwenzako mwenye minyoo. Pampu zikiwa wazi humnyonya na kumkata, basi zifunike kwa sponji kabla hajaingia. Mimi namwona ni msaidizi mzuri pale ambapo watu watatu au wanne wenye matangi jirani wamekubaliana kumzungusha. Peke yako, ni kununua kiumbe ili afe.

Dawa za kichocho na za mbuzi

Swali hili naulizwa sana na wenzangu walioko nyumbani, na lina mantiki. Prazikwanteli tunaijua tangu shuleni. Ndiyo dawa ya kichocho, na wadudu wa kichocho ni minyoo bapa halisi. Wafugaji wa samaki huitumia kutibu minyoo wa kwenye matamvua. Kwa nini isimuue huyu mwekundu? Kwa sababu si ndugu yake. Wanabiolojia wamemtoa kwenye kundi la minyoo bapa halisi na kumweka kwenye kundi lingine, Xenacoelomorpha, naye na jamaa zake wa karibu hawana hata utumbo wa kweli. Tumeendelea kumwita mnyoo bapa kwa umbo tu. Wenye matangi walioijaribu prazikwanteli kwake hawakupata matokeo ya kutegemewa.

Levamisoli ni hadithi nyingine: inawaua, na inapatikana kwenye duka lolote la pembejeo kama dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo. Lakini chupa ya mifugo ina vitu vingine ndani, mara nyingi dawa ya pili ya minyoo ya ini, na nguvu yake imepangwa kwa kilo za mnyama, si lita za maji. Kosa la nukta moja kwenye hesabu linatosha kuua tangi zima. Siishauri, hata kwa aliye mbali na duka la akwaria. Kunyonya hakuhitaji duka.

Kwa mwenye Waminoa

Huyu ni rahisi kidogo, maana anakaa juu ya tumbawe unaloweza kulitoa. Litoe, litie kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye dawa ya kuogeshea matumbawe kwa muda ulioandikwa, lipulizie kwa bomba la sindano pande zote, lisuuze kwenye ndoo ya pili yenye maji safi ya tangi, kisha lirudishe. Rudia kila wiki kwa wiki tatu au nne. Maji ya kuogeshea yasirudi tangini hata tone.

Mnyoo wa Akropora

Prosthiostomum acroporae alielezwa kitaalamu mwaka 2011, wakati huo akiitwa Amakusaplana acroporae, ingawa wafugaji walikuwa wamekwisha kumlilia miaka mingi. Huyu ni mnyoo bapa halisi, na anakula nyama ya Akropora yenyewe. Mwili wake unaonyesha rangi ya alichokula, kwa hiyo juu ya tumbawe la kijani hutamwona. Utaona kazi yake: vidoa vya duara vilivyopauka, vidogo kama kichwa cha pini, tumbawe linalopoteza rangi kuanzia chini, na mikono midogo isiyotoka. Pulizia maji kwa nguvu shinani. Kikielea kitu kama ukoko wa uji mwembamba kikijikunja, ndiye.

Mayai yake huyataga kwenye mifupa iliyo wazi ya tumbawe, karibu na nyama, katika mafungu ya rangi ya kahawia. Hakuna dawa ya kuogeshea ninayoiamini kwa mayai. Kwa hiyo kazi ni ya mikono na kalenda. Toa Akropora zote, si iliyoumwa tu, na uziweke kwenye tangi la pembeni. Kata sehemu zilizokufa na utupe, zile zenye mayai. Pale usipoweza kukata, kwangua mayai kwa ncha ya kisu, kisha funika mahali hapo kwa gundi kali ya jeli. Ogesha na kupulizia kila wiki kwa wiki sita mpaka nane, ili kila anayeanguliwa aondoke kabla hajataga. Mayai huanguliwa upesi zaidi maji yakiwa ya joto na huchelewa yakiwa baridi, kwa hiyo usipitishe wiki hata moja. Tangi kuu likae bila Akropora kipindi hicho chote; mnyoo huyu bila Akropora hufa njaa.

Wakati wa kuogesha weka sahani nyeupe chini ya tumbawe na uwahesabu wanaodondoka. Andika tarehe na idadi. Wiki ya kwanza wanaweza kuwa thelathini, ya pili saba, ya tatu sifuri, ya nne mmoja. Huyo mmoja wa wiki ya nne ndiye anayewaangusha watu waliokwisha kurudisha matumbawe wiki ya tatu.

Wageni wanapoingia

Kila tumbawe jipya, hata la zawadi, hata la kutoka kwa mtu unayemwamini, lisiingie tangi kuu siku ya kwanza. Liogeshe, likague kwa kioo cha kukuzia, na libandue kutoka kwenye kishikizo lililogandishwa juu yake ulihamishie kwenye kipya, kwa sababu mayai na minyoo hupenda kukaa hapo. Kisha liweke karantini wiki nne mpaka nane kwenye tangi dogo lenye pampu, taa na kipasha joto. Lita arobaini zinatosha. Liogeshe tena kila wiki. Kwa Akropora mimi sishuki chini ya wiki nane.

Kwa walioko Mombasa, Zanzibar au Dar, msishawishike kuokota jiwe hai au tumbawe kutoka mwambani kwa sababu ni bure na bahari iko jirani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, hifadhi za taifa za baharini kama Kisite, Malindi na Watamu zinakataza kuchukua chochote, na jiwe la baharini huja na wageni wengi kuliko mnyoo mmoja mwekundu.

Na zile ndoo za minyoo ulizokusanya wiki mbili: zitie dawa ya klorini ya kufulia, ziache usiku kucha, kisha mwaga kwenye choo. Usizimwage baharini wala kwenye mtaro unaoteremka baharini. Mpira, wavu na bomba la sindano vilowekwe kwenye klorini hiyohiyo, visuuzwe kwa maji mengi ya bomba na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kugusa tangi jingine.